Video za zana za matrekta madogo: Kwa nini watazamaji wanabishana, na mkulima aamini nini?

Mtu akitafuta YouTube jina la zana yoyote ya trekta dogo, iwe slasha, rotaveta au loda ya mbele, anapata video nyingi kuliko anazoweza kumaliza kwa bando la wiki. Nyingi zimerekodiwa Marekani. Picha ni safi, mtangazaji anajua anachofanya, na mara nyingi mwisho wake unafanana: zana ni nzuri, inafaa kununua.

Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika. Kuna wanaosema video hizo zimewaokoa wasipoteze pesa. Wengine wanasema ni matangazo tu, ila yanaitwa ushauri.

Ubishi huu haupaswi kuishia kwenye simu. Zana moja ya trekta inaweza kula akiba ya misimu kadhaa, na mkulima akikosea kuchagua, anabaki na chuma kizito ambacho trekta lake haliwezi kukiendesha, huku mkopo ukiendelea kudai.

Kwa ufupi:
• Zana kufunga kwenye trekta si sawa na trekta kuiweza.
• Watazamaji wanalalamikia mambo matano: ardhi laini, trekta tofauti, zana za bure, muda mfupi wa majaribio na usalama.
• Tangu Novemba 2021, YouTube haionyeshi hadharani idadi ya watu ambao hawakuipenda video.
• Takwimu tatu zinaweza kumuokoa mnunuzi: nguvu ya PTO, uwezo wa kunyanyua na uzito wa zana.

Trekta dogo ni lipi?

Kwenye soko la Marekani, matrekta yanayoitwa madogo huwa na injini ya nguvu farasi kati ya 20 na 60 hivi. Kuna kundi dogo zaidi, la chini ya 25, ambalo wenye nyumba zenye eka chache hulitumia kukata nyasi, kubeba kokoto na kusukuma theluji.

Trekta lenyewe bila zana halifanyi mengi. Kazi inafanywa na kinachofungwa mbele au nyuma yake.

Nyuma kuna mikono mitatu ya kubebea zana, miwili chini na mmoja juu. Mfumo huo ulipata umaarufu mkubwa kupitia mhandisi Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, hasa baada ya kuingia kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939. Leo uko karibu kwenye kila trekta la shambani duniani.

Katikati ya mikono hiyo kuna shafti inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye zana. Mafundi wanaiita PTO. Kasi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika.

Kwa sababu vipimo hivi vinafanana kati ya kampuni na kampuni, slasha iliyojaribiwa kwenye trekta la rangi ya kijani inaweza kufungwa kwenye la rangi ya chungwa. Ndiyo maana mtu wa Mbeya au Eldoret ananufaika na video ya mtu wa Pennsylvania.

Na ndiyo maana pia anaweza kupotea. Pini kuingia kwenye tundu ni jambo moja. Trekta kuwa na nguvu na uzito wa kuimudu zana hiyo ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini wengi wanazipenda

Sababu ya kwanza ni rahisi: kuona ni tofauti na kusoma. Kitabu cha maelezo kinasema zana inafungwa kwa dakika chache. Video inaonyesha jamaa akihangaika na pini, akipiga nyundo, kisha akimwita mtu wa kumsaidia. Mtazamaji anajua mapema kama kazi hiyo ataiweza akiwa peke yake.

Sababu ya pili ni sauti. Mwenye uzoefu akisikia injini ikizama pale slasha inapoingia kwenye nyasi nene, hahitaji maelezo mengi. Anajua trekta limezidiwa.

Sababu ya tatu ni aina ya watu wanaozitengeneza. Wapo wauzaji, kama Messick's ya Pennsylvania, ambao wamejenga jina mtandaoni kwa kueleza mashine wanazouza na kuzitengeneza. Wapo pia wamiliki wa kawaida waliogeuka watengeneza maudhui, kama wa chaneli ya Tractor Time with Tim, iliyojulikana kupitia matrekta madogo ya John Deere.

Kila kundi lina upande wake wa nguvu. Muuzaji ana karakana, kwa hiyo anaona ni zana zipi zinarudi zimevunjika. Mmiliki anaishi na mashine yake, anajua inavyosumbua asubuhi ya baridi.

Kila kundi lina udhaifu wake pia. Muuzaji ana mzigo wa kuuza. Mmiliki mara nyingi amejaribu zana moja kwenye trekta moja, kwenye shamba moja.

Malalamiko matano yanayorudi kila mara

1. "Ardhi yenyewe laini mno"

Hili ndilo la kwanza kwa wakulima. Rotaveta inaonekana tamu ikipita kwenye bustani iliyolimwa mwaka jana, udongo una unyevu na hauna jiwe. Zana hiyohiyo ikipelekwa kwenye udongo mkavu wa mfinyanzi, inaruka juu badala ya kuchimba.

Slasha nayo iko hivyohivyo. Kukata nyasi za magotini na kukata vichaka vyenye shina gumu ni kazi mbili tofauti.

2. "Trekta lako si langu"

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza.

Nguvu inayoandikwa ubavuni au kwenye tangazo mara nyingi ni ya injini. Inayofika kwenye PTO huwa ndogo zaidi. Mfano ni John Deere 1025R, mojawapo ya matrekta yanayoonekana sana kwenye video hizi: injini yake ina nguvu farasi karibu 24, lakini PTO inatoa takribani 18.

Sasa chukua kanuni ya haraka inayotumiwa na wauzaji wengi Marekani: nguvu farasi 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana wa slasha. Slasha ya futi 5 inataka 25. Ya futi 4 inataka 20. Kwa trekta lenye 18, hata ile ya futi 4 iko mpakani, hivyo inabidi iwe nyepesi na dereva aende taratibu.

Mtangazaji anayekata kwa slasha ya futi 5 akiwa juu ya trekta la nguvu farasi 40 hajadanganya. Ila mtazamaji mwenye trekta la 24 akinunua zana ileile, atailaumu zana bure.

3. "Umepewa bure, utasema nini?"

Lawama hii inagusa uaminifu moja kwa moja. Mtazamaji anataka kujua kama aliyeko kwenye video alinunua zana kwa pesa yake, aliazimwa, alipewa moja kwa moja, au analipwa kila mtu anapobonyeza kiungo cha kununua.

Wanaowatetea watangazaji wana hoja pia. Kutengeneza video kunagharimu muda, kamera na mafuta, na si rahisi mtu wa kawaida kununua slasha tano ili azilinganishe. Kupewa zana si lazima kumfanye mtu aseme uongo.

Tofauti inaonekana kwenye mambo madogo. Anayetaja kasoro mbili tatu bila kuulizwa huaminiwa zaidi na watazamaji kuliko anayesifia mwanzo hadi mwisho.

4. "Rudi baada ya mwaka mmoja"

Zana mpya haivuji oili, haina kutu, na bolti zake zote zimekaza. Jaribio la dakika 15 haliwezi kuonyesha giaboksi inayopata moto, visu vinavyoisha haraka au chuma kinachopinda kwenye maungio.

Ndiyo maana video za "baada ya saa nyingi za kazi" zinapewa heshima kubwa, hata kama picha zake si kali. Bolti iliyokatika mbele ya kamera inamfundisha mtazamaji kuliko maneno mengi. Tena kwenye slasha nyingi, bolti hiyo huwekwa makusudi ili ikatike kabla ya giaboksi kuvunjika. Mtangazaji anayeonyesha inavyobadilishwa amefanya kazi yake.

5. "Kifuniko cha shafti kiko wapi?"

Watazamaji waliowahi kuona ajali hawanyamazi kwenye hili. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Mkono wa shati au kamba ya koti ukinaswa, mtu hana muda wa kujivuta.

Jambo jingine ni trekta kupinduka, ambako kwa miaka mingi kumekuwa chanzo kikuu cha vifo vya wakulima Marekani. Taasisi ya usalama kazini ya nchi hiyo, NIOSH, inasema fremu ya kinga nyuma ya kiti ikitumika pamoja na mkanda huzuia kifo au majeraha kwa karibu asilimia 99 pale trekta linapopinduka.

Kwa hiyo mtangazaji anayenyanyua mzigo juu kabisa kwa loda ya mbele, huku nyuma ya trekta hakuna uzito wa kusawazisha na mkanda hajafunga, anafundisha kitu kibaya hata kama zana yenyewe ni nzuri. Mzigo wa mbele unayapunguzia magurudumu ya nyuma uzito, na kwenye mteremko hatari inaongezeka haraka.

Kitufe kilichoondoka na hasira zake

Zamani mtazamaji alikuwa na njia ya mkato. Akiona video ina alama nyingi za kutopendwa, anajua kuna tatizo, anahamia nyingine.

Novemba 2021, YouTube iliacha kuonyesha hadharani idadi hiyo. Kampuni ilisema inataka kuwalinda watengeneza maudhui dhidi ya watu wanaojipanga kuwashambulia. Kitufe bado kipo, lakini idadi anaiona mwenye chaneli peke yake.

Uamuzi huo ulipingwa na wengi, akiwemo Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wa YouTube. Kwa video za kuchekesha huenda hasara si kubwa. Kwa video za kufundisha au za kumsaidia mtu kununua, watazamaji walipoteza taa nyekundu waliyoizoea. Sasa inabidi wasikilize kwa makini na kusoma maoni ya wenzao, kazi inayochukua muda na bando.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko intaneti

Kumshuku anayesifia mashine hakukuanza na simu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wakulima wa Marekani waliuziwa matrekta mengi kwa matangazo matamu, kisha wakabaki nayo shambani yamekufa.

Mmoja wao alikuwa Wilmot Crozier wa jimbo la Nebraska. Alinunua trekta la kampuni iliyojiita Ford Tractor ya Minneapolis, ambayo haikuwa ya Henry Ford. Trekta lilimsumbua. Alipoingia kwenye bunge la jimbo, alisukuma sheria iliyopitishwa mwaka 1919: trekta lisiuzwe Nebraska kabla halijapimwa kuona kama linafanya yale ambayo kampuni inadai.

Upimaji ulianza 1920 kwenye chuo kikuu cha jimbo hilo, na trekta la kwanza kufaulu lilikuwa Waterloo Boy. Maabara ya Nebraska ipo mpaka leo na takwimu zake zinaheshimiwa duniani.

Ila sheria hiyo kwa sasa inalenga matrekta makubwa. Na kinachopimwa ni trekta, si slasha wala rotaveta inayofungwa nyuma yake. Kwenye nafasi hiyo iliyobaki wazi ndipo watu wa YouTube walipoingia. Wanafanya kazi ya mkaguzi, lakini bila mizani ya mkaguzi.

Sheria inasema nini kuhusu zana za bure?

Marekani, msimamizi wa jambo hili ni Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC. Mwongozo wake, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023, unamtaka anayesifia bidhaa aseme wazi kama ana uhusiano na muuzaji: amelipwa, amepewa bidhaa, au ni ndugu au mwajiriwa wa kampuni.

Kwenye video, taarifa hiyo inatakiwa iwe ndani ya video yenyewe. Kuificha kwenye maandishi ya chini, ambayo watu wengi hawafungui, haitoshi.

Oktoba 2024 ilianza kutumika kanuni nyingine ya tume hiyo, inayopiga marufuku sifa za kutunga na kumlipa mtu kwa sharti kwamba asifie. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kutozwa zaidi ya dola 50,000 kwa kosa moja.

YouTube nayo ina alama ndogo inayotokea mwanzoni mwa video kueleza kwamba ndani yake kuna matangazo ya kulipiwa. Ni rahisi kuikosa, hasa kwenye skrini ya simu, kwa hiyo sekunde 10 za kwanza zisirukwe.

Anayetazama kutoka Afrika Mashariki

Kwa mkulima wa Tanzania, Kenya au Uganda, video hizi zina faida na mitego yake.

Mtego wa kwanza ni kazi yenyewe. Zana nyingi zinazopendwa Marekani ni za kusukuma theluji, kusawazisha barabara ya kokoto au kubeba magogo. Huku, trekta dogo linatakiwa lilime, lipige haro, livute tela na lizungushe mashine ya kupukuchua mahindi. Zana iliyosifiwa kwa kazi ya kwanza inaweza isifae kabisa kwa ya pili.

Wa pili ni udongo. Mbuga nyeusi za Usangu au udongo mweusi wa Mwea hugeuka jiwe ukikauka na ulimbo ukilowa. Bustani ya Ohio haiwezi kumwambia mtu rotaveta itafanya nini pale.

Wa tatu ni spea. Zana ikivunjika Marekani, kifaa kinaagizwa na kufika mlangoni. Huku, kisu au beringi ya chapa isiyo na wakala inaweza kumaliza msimu mzima. Zana ya kawaida ambayo fundi wa mjini anaijua inaweza kuwa na thamani kuliko ile inayong'aa kwenye video.

Wa nne ni pini. Matrekta madogo mengi hutumia Kategoria 1, yaani pini za mikono ya chini zenye unene wa milimita 22 hivi. Kategoria 2 ya matrekta makubwa ni milimita 28. Zana ya mtumba inayouzwa bei ya kutupa inaweza kuwa ya kundi jingine kabisa.

Kwa Tanzania, ipo pia njia ya kuuliza nje ya YouTube. CAMARTEC, taasisi ya serikali yenye makao Arusha, miongoni mwa kazi zake ni kupima zana na mashine za kilimo. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama mashine yake imepita huko.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

• Trekta la kwenye video lina nguvu farasi ngapi za PTO, na langu lina ngapi? Si za injini.

• Zana ina uzito gani? Ikiwa video haisemi, karatasi ya kampuni itasema.

• Trekta langu linanyanyua kilo ngapi, zikipimwa wapi? Kuna kampuni zinazotaja uzito kwenye ncha za mikono, ambako namba huwa kubwa. Kipimo cha maana zaidi ni sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, karibu na uzito wa zana ulipo. Kwa 1025R, hapo ni takribani kilo 300 tu.

• Kwa zana za mbele, maungio yanafanana? Baadhi ya matrekta madogo ya John Deere yana ndoano za mfumo wao, huku matrekta mengine mengi yakitumia bamba la aina nyingine. Picha kwenye simu haitoshi kuona tofauti.

• Mtangazaji ameipataje zana, na amesema wapi?

• Ameitumia kwa saa ngapi? Kuna video yake nyingine ya baadaye?

• Nani anauza spea karibu nami, na fundi wangu ameshawahi kuifungua?

Maoni gani ya watazamaji yana uzito?

Si kila anayelalamika ana hoja, na si kila anayesifia amelipwa. Maoni yenye faida huwa na namba na mahali: trekta la nguvu farasi fulani, udongo wa aina fulani, saa kadhaa za kazi, na kitu gani kilivunjika. "Zana mbovu" haimsaidii mtu. "Bolti ilikatika mara tatu siku ya kwanza kwenye shamba lenye visiki" inasaidia.

Wapo watazamaji wanaoijua kazi kuliko mwenye kamera, na mara nyingi wanaonyesha kile ambacho video imekiruka. Mkulima anayekaribia kulipa anaweza kufanya vizuri zaidi akitumia dakika tano kutafuta sauti za watu wenye trekta kama lake kuliko dakika 20 za kutazama zana ikipita kwenye nyasi laini. Baada ya hapo aende kwa jirani aliye nayo, aombe iwashwe kwenye udongo wa kwao, siku ambayo udongo huo umekauka.